Ukurasa wa Mwisho wa Kitabu Changu

Kazi yangu ni kuandika hela za watu. Nina kibanda cha pesa za simu hapa Busia, upande wa Uganda, karibu na barabara ambako malori hupanga foleni yakisubiri kuvuka mpaka. Mteja akija kuweka au kutoa, naandika tarehe, jina, namba ya simu na kiasi, naye anatia sahihi. Kitabu kikijaa nanunua kingine. Vile vya zamani nimevifunga kwa kamba, viko chini ya kitanda.

Ukiifanya kazi hii muda mrefu unajifunza kuisoma Jumamosi. Asubuhi watu wanatoa: hela ya soko, ya dawa, ya mchango wa msiba. Kuanzia saa saba mchana mambo yanageuka, sasa wanaweka. Elfu mbili, elfu tano. Wengi ni vijana wa boda na wabeba mizigo. Hakuna anayeniambia anaweka kwa ajili ya nini, lakini anaondoka huku bado anabonyeza simu na midomo inataja Arsenal. Saa kumi na moja jioni mechi za Uingereza zinaanza (saa kumi na mbili, Waingereza wakisharudisha saa zao nyuma) na barabara inapoa. Ikifika saa moja, baadhi yao wanarudi, maana kuna mechi nyingine ya usiku. Safari hii ni elfu kumi. Jina ni lile lile, ila sahihi ya pili huwa imeandikwa kwa haraka kuliko ya kwanza.

Nimeyaona haya ya kubeti mpira kwa miaka. Na kwa miaka kadhaa niliandika ya wenzangu huku ya kwangu hayako popote.

Niseme mapema kwamba bado nabeti. Mama yangu ni mlokole na kwake kamari ni dhambi, hakuna mjadala. Jirani yangu wa duka la vipuri ni Mwislamu, anaiita maisiri, haramu iliyo wazi. Nawaheshimu wote wawili. Kama dini yako imekukataza, au kama hujawahi kuanza, usianze kwa sababu yangu. Na kama hujafika miaka 25, sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inakukataza kabisa, na kwa niliyoyaona kibandani nadhani aliyeweka umri huo alikuwa anajua anachofanya. Nawaandikia wale ambao tayari wanabeti kwa starehe, wanaosema ni mchezo tu. Nami nilikuwa nasema hivyo.

Mwaka 2018, Kombe la Dunia likichezwa Urusi, niliweka elfu tano kwamba Korea Kusini itaifunga Ujerumani. Sikuwa na sababu yoyote ya maana. Mjerumani alikuwa bingwa mtetezi, Mkorea alikuwa amekwishafungwa mechi mbili. Tarehe 27 Juni, kule Kazan, Mkorea akapachika mabao mawili katika dakika za nyongeza, na karibu shilingi elfu tisini ikaingia kwenye simu yangu. Nilimnunulia mama kitambaa cha gomesi. Akanishika uso kwa mikono miwili, akanibariki. Sikumwambia hela ilikotoka.

Leo nikikumbuka siku ile, sikumbuki sana mabao. Nakumbuka kwamba kuficha kulianza siku niliyoshinda, hata kabla sijapoteza chochote cha kuuma. Nakumbuka pia somo baya nililobeba. Niliamini nina jicho. Mtu aliyepata kwa bahati mara moja, tena mapema, anakaa miaka akiamini alipata kwa akili.

Halafu ikaja Machi 2020, na korona. Mpira ukasimama karibu dunia nzima, boda wakakatazwa kubeba abiria, mji ukanyamaza. Moja ya ligi chache zilizobaki zikichezwa ilikuwa ya Belarusi, nasi tukaifuata huko huko. Nilikuwa nafungua simu usiku kutafuta habari za BATE Borisov na Dinamo Brest, timu ambazo sikuwahi kumwona mchezaji wao hata mmoja. Nilikuwa nimezoea kusema nabeti kwa sababu napenda mpira. Belarusi ilinikatalia maneno hayo. Hakuna mpira niliokuwa naupenda kule. Nilichokosa ni ule muda wa kusubiri, damu ikienda mbio, kabla matokeo hayajajulikana. Ningejiuliza siku zile nanunua nini hasa, ningejiepusha na yaliyofuata.

Namlea binti wa dada yangu. Mwaka ule alikuwa darasa la saba, mtahiniwa. Serikali ilipotangaza kwamba watahiniwa watarudi shule tarehe 15 Oktoba, dada alinitumia kutoka Jinja fungu lake, nami nikaongeza langu, ikafika shilingi laki moja na elfu themanini, ada pamoja na mahitaji. Binti alikuwa amekwisha kufunika madaftari yake kwa magazeti ya zamani na kuyapanga mezani, la hesabu likiwa juu.

Jumapili tarehe 4 Oktoba niliweka elfu sitini kwenye mkeka wa mechi mbili (dau moja, na ukikosa mechi moja umepoteza yote): Man United nyumbani Old Trafford dhidi ya Tottenham, na Liverpool ugenini kwa Aston Villa. Mkeka mfupi, nikajiambia, wa mtu mwenye nidhamu. Man United akapigwa sita kwa moja. Mkeka ukachanika saa mbili na nusu usiku haijafika.

Kafyu ilikuwa saa tatu. Nilikuwa nyumbani, nimekaa kwenye mkeka halisi wa ukindu, mgongo ukutani, simu mkononi. Kichwani lilikuwa likizunguka neno moja ambalo kila mbetaji analijua: kurudisha. Sikutaka faida. Nilitaka tu kurudisha elfu sitini ili asubuhi iwe kama hakuna kilichotokea. Liverpool alikuwa bingwa wa Uingereza. Nikaweka laki moja na ishirini iliyobaki, yote, kwa Liverpool peke yake. Kufikia mapumziko Ollie Watkins alikuwa na mabao matatu na Villa inaongoza nne kwa moja. Iliisha saba kwa mbili. Sikupiga kelele, kwa sababu binti alikuwa amelala chumba cha pili.

Nilimpigia dada siku iliyofuata. Nilipomaliza kueleza alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Sawa kaka. Tutafanyaje sasa?" Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Binti alirudi shule tarehe 26, siku kumi na moja nyuma ya wenzake, na hadi leo hajaniuliza kwa nini. Alifaulu. Lakini kufaulu kwake hakunisafishi mimi.

Nilikaa karibu mwaka mzima bila kugusa dau. Kilichonirudisha, tena kwa namna nyingine, ni mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu anayekuja kwangu kutoa pensheni yake. Siku hiyo mtandao ulikuwa umekatika, akakaa kwenye benchi kusubiri. Kulikuwa na kijana anamwonyesha mwenzake mkeka wa mechi kumi uliochanika kwa mechi moja tu. "Tisa zimetiki! Nimekaribia kaka, wiki ijayo lazima!" Mwalimu akaniomba kalamu, akageuza risiti.

"Kijana wangu," alisema, "tuseme kila timu uliyochagua ina nafasi sabini kwa mia. Timu nzuri hizo, si ndiyo?" Kijana akakubali. Mwalimu akaanza kuzidisha sabini kwa sabini, mara kumi, mistari ikishuka kwenye kile kikaratasi. Jibu halikufika tatu kwa mia. Kisha akapiga hesabu ya pili, ambayo sikuwahi kuifikiria: nafasi ya kupata tisa na kukosa moja. Ikatoka kumi na mbili kwa mia. "Unaona? Kukosa kwa moja kunatokea zaidi ya mara nne kuliko kupata zote. Hukukaribia. Mkeka wa mechi kumi kazi yake ndiyo hiyo, kukuachia moja."

Nadhani kijana hakumsikia. Mimi nilimsikia kwa mwili wote. Miaka yangu yote ya kubeti ilikuwa imejengwa juu ya neno "karibu". Nikikosa kwa moja nilihisi niko mlangoni, nimebakiza kusukuma tu. Kumbe mlango wenyewe haupo. Kukosa kwa moja ni kukosa, na tena kunatokea mara nyingi kuliko kupata zote.

Mtandao ukiwa bado haujarudi, akanionyesha na jambo la pili. Chukua mechi yoyote, tuseme odi (namba ambayo kampuni inazidisha nayo dau lako ukishinda) ni 2.40 nyumbani, 3.20 sare, 2.90 ugenini. Gawa mia kwa kila odi: unapata karibu 41.7, kisha 31.25, kisha karibu 34.5. Jumlisha, inafika 107 na kidogo. Lakini mechi moja haina zaidi ya mia ya nafasi. Ile saba iliyozidi ndiyo mshahara wa kampuni, na inakatwa humo ndani ya odi, iwe umeshinda au umeshindwa. Maana yake kila elfu moja yako, kwa wastani wa muda mrefu, inarudi kama mia tisa na thelathini. Ukifunga mechi kumi kwenye mkeka mmoja, ile saba inajirudia mara kumi, na elfu moja yako inabaki na thamani ya kama mia nne na themanini. Na ukishinda, ukienda kutoa hela kwa wakala kama mimi, kuna ada ya kutoa na kodi ya serikali ya nusu asilimia ya hela unayotoa.

Nilimuuliza, "Kwa hiyo mwalimu, hakuna anayeshinda?" Akasema wapo wengi wanaoshinda leo, ila wanaobeti kila wiki kwa miaka na kubaki na faida ni wachache mno, na hao wameifanya kazi ya kutwa. Akakunja risiti, akaiweka mfukoni mwa shati langu. Ninayo bado.

Basi Agosti 2021, ligi ya Uingereza ilipoanza, nilifungua kitabu kipya cha kibanda, nikaenda ukurasa wa mwisho, nikachora mistari kama ninayowachorea wateja. Tarehe. Kiasi. Kilichorudi. Sahihi. Nikawa mteja wangu mwenyewe.

Kiasi nilikipanga Jumatatu, siku ambayo mechi ni chache na damu imetulia: shilingi elfu tano kwa wiki. Nilifika hapo kwa kujiuliza swali moja tu. Hela hii ikipotea yote, kila wiki, hadi Mei, kuna mtu nyumbani atakayejua? Kwa elfu kumi jibu lilikuwa ndiyo, mama angeona sukari inapungua. Kwa elfu tano jibu lilikuwa hapana. Kwako inaweza kuwa elfu moja, au inaweza kuwa sifuri, na sifuri nayo ni jibu halali.

Elfu tano hiyo naihesabu kama kiingilio. Nikienda kwenye kibanda cha kuonyesha mpira nalipa elfu moja mlangoni, na sijawahi kumwona mtu anatoka dakika ya tisini anadai arudishiwe elfu yake. Ameona mpira, hela imefanya kazi yake. Tangu nianze kuitazama hela ya kubeti hivyo, imekwisha siku niliyoilipa. Kikirudi kitu, ni vizuri. Kisiporudi, nilitazama mechi tatu na kila dakika ilikuwa na ladha.

Mechi tatu, hazizidi. Mkeka naufunga kabla mpira haujaanza, na simu inakaa mfukoni mpira ukiisha kuanza, kwa sababu najua ninavyokuwa timu yangu ikiwa nyuma kwa bao moja dakika ya sabini. Mtu yule si wa kupewa hela. Hayo ya kubeti mechi ikiendelea niliyaacha kabisa. Nikishinda, naitoa yote siku hiyo hiyo, hata ada ikinikata, maana hela inayobaki kwenye akaunti ya kampuni huwa sioni kama hela. Inakuwa namba tu. Inabidi niishike.

Msimu ule wa kwanza niliandika wiki 38. Niliweka shilingi laki moja na elfu tisini. Zikarudi laki moja, elfu ishirini na moja na mia tano. Nilipoteza elfu sitini na nane na mia tano. Nilikaa nayo namba hiyo muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kujua gharama ya starehe yangu. Kabla ya hapo ungeniuliza, ningekuambia "niko sawasawa tu, napata napoteza", na ningeapa. Kichwa kinahifadhi Korea Kusini kwa miaka na kinafuta Jumamosi arobaini za elfu tatu tatu. Ukurasa haufuti.

Na nidhamu haikuwa rahisi kama ninavyoiandika. Kuna wiki tatu katika msimu uliofuata ambazo mstari wangu una maandishi mawili. Elfu tano, kisha elfu kumi chini yake, jioni. Sahihi ya pili imeandikwa kwa haraka. Niliitazama nikaijua, ni ile ile ya wateja wangu saa moja usiku.

Ule mchezo wa ndege sitauandikia mengi, ila siwezi kuupita. Vijana wengi sasa wametoka kwenye mpira wamehamia huko: ndege inapaa kwenye simu, namba inayozidisha dau lako inapanda, unatoa hela kabla ndege haijatoweka. Waliounda wanatangaza kwamba asilimia 97 inarudi kwa wachezaji, na ukisikia hivyo unaona ni nafuu kuliko mpira. Lakini mpira unakungoja Jumamosi. Ndege inaruka tena baada ya sekunde chache. Ile tatu kwa mia inakatwa kila ndege inaporuka, na mtu aliyekaa nayo saa moja amezungusha elfu kumi yake mara mia bila kujua. Nilijaribu usiku mmoja. Nikapoteza hela ya wiki nne kabla maji ya chai hayajachemka, na nikaandika kwenye ukurasa, na sijarudi. Mchezo usionipa nafasi ya kuvuta pumzi kati ya dau na dau sina nidhamu ya kuumudu, na sidhani ni aibu kukiri.

Kuna rafiki yangu wa boda ambaye nilimshauri afanye kama mimi. Nilimnunulia hata daftari. Kwake elfu tano haikuwahi kubaki elfu tano. Wiki ya pili alikuwa anaandika uongo kwenye daftari lake mwenyewe, na wiki ya sita akaja kuniomba mkopo akisema ni wa tairi. Nilijua si wa tairi. Tulikaa nyuma ya kibanda, akalia, mtu mzima mwenye watoto watatu. Kwake hakukuwa na kiasi cha kupanga. Aliiomba kampuni ifunge akaunti, akamweleza mke wake kila kitu, na hela ya boda sasa inapita kwa mke kila jioni. Ni zaidi ya mwaka. Nataka wanaosoma haya wajue kwamba daftari langu si dawa. Kama unakopa, kama unaficha, kama unaandika uongo mahali ambapo hakuna anayesoma ila wewe, basi starehe ilikwisha zamani na huhitaji mpango bora zaidi wa kubeti. Unahitaji kumwambia mtu, leo.

Kuna jambo linalonisumbua na sijalipatia jibu. Kila mtu akiweka hela kwangu, napata kamisheni. Ni ndogo, lakini Jumamosi jioni zinajumlika. Sehemu ya ada ya binti, ambaye sasa yuko sekondari, inatoka kwenye sahihi zile za haraka. Siwezi kumkatalia mtu hela yake. Nilianza kufanya kitu kimoja tu.

Jumamosi iliyopita alikuja kijana mmoja, mbeba mizigo, saa moja kasoro. "Bosi, niwekee elfu kumi." Nilikuwa nimemhudumia saa nane na tena saa kumi. Sikumwambia neno. Nikafungua kitabu, nikafunika kwa karatasi mistari ya wateja wengine, nikakigeuza kielekee kwake ili atie sahihi. Akaona jina lake mara mbili juu ya mstari ulio wazi. Akasimama na kalamu hewani.

"Hii ni ya tatu?"

"Ya tatu, ndugu yangu."

Akaitazama noti yake. Akaweka kalamu juu ya kitabu, polepole, akaikunja noti mara nne mpaka ikawa ndogo kama kidole, akaitia mfukoni na kuondoka kuelekea upande wa steji. Kwenye barabara hiyo, kabla ya kufika steji, kuna vibanda vingine vinne kama changu. Nilitoka nje kumtazama, lakini lori lilipita katikati, na lilipomaliza kupita sikumwona tena.